Redio ya Setilaiti Ndani ya Nyumba: Msikimbilie Kununua Ripita

Vikundi kadhaa vya upande wa bara, kuanzia Likoni mpaka Kisauni na Changamwe, vimekuwa vikituuliza jambo moja. Redio inayotoka kwenye dishi inasikika vizuri pale sebuleni penye dekoda. Lakini mikutano inafanyika barazani, au kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, na huko hakuna kitu. Halafu anakuja mtu na habari ya kidude kiitwacho ripita. Ati ukikiweka dirishani kinakamata mawimbi na kuyarusha upya nyumba nzima bila waya! Sasa mweka hazina anaambiwa afungue sanduku.

Sisi twasema sanduku lisifunguliwe bado. Katika nyumba nyingi shida hii hutibiwa kwa waya wa mita chache. Ripita ina kazi yake, na tutaieleza. Lakini ikichaguliwa vibaya ni pesa za wanachama zimepotea, na huku kwetu yaweza kuleta hatari ambayo watu wa sehemu nyingine hawana haja ya kuiwaza sana, kwa sababu sisi tunaishi katikati ya ndege na meli.

KWA NINI MAWIMBI HAYAINGII NDANI

Setilaiti za redio na televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Zinazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana ukiwa Mtongwe au Bamburi utazikuta mahali pale pale usiku na mchana. Kutoka umbali huo nguvu inayotufikia ni ndogo mno. Ni kama mtu aliye ng'ambo ya pili ya kivuko anakunong'oneza, na wewe umefunga dirisha.

Tena mawimbi yenyewe ni mafupi. Wimbi la redio ya kawaida ya FM lina urefu wa mita 3 hivi. Laweza kupenya dirishani, likagonga ukuta, likajipenyeza chumba cha pili. Wimbi linalokuja kwenye dishi la televisheni lina sentimita mbili na nusu tu. Wimbi fupi namna hiyo lina tabia ya mwanga: linakwenda moja kwa moja, na likikuta kizuizi linaacha kivuli. Kwa hiyo dishi likiwa haliwezi kuiona ile sehemu ya mbingu ilipo setilaiti, basi hata setilaiti hailioni.

Nyumba zetu nazo zinachangia. Mabati huyarudisha mawimbi juu kama kioo kinavyorudisha mwanga. Slabu ya zege yenye nondo ni hivyo hivyo. Ukuta wa mawe ya matumbawe huyala mawimbi, na ukilowa huyala zaidi. Makuti makavu ndiyo yenye huruma kidogo, lakini huruma hiyo ni kwa mawimbi marefu. Kwa wimbi la dishi, hata matawi ya mwembe yanatosha kukata matangazo.

ILE REDIO YA AFRISTAR

Wazee wa vikundi watakumbuka redio za WorldSpace. Tunazieleza hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ndizo zilizotufundisha habari ya redio ya setilaiti isiyohitaji dishi kubwa. Pili, huenda bado mtu akakuletea moja akitaka uinunue.

Kampuni ya WorldSpace ilianzishwa mwaka 1990 na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, makao yake yakiwa Washington. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa angani kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou kule Guyana ya Ufaransa. Matangazo yalianza mwaka 1999. Redio zenyewe zilitengenezwa na makampuni kama Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, na kila moja ilikuwa na eriali ndogo bapa, ya kushikika mkononi. Hapa Kenya, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile KIE ya zamani, iliitumia njia hiyo kupeleka vipindi vya shule. Idara za hali ya hewa Afrika, ya kwetu ikiwemo, zilikuwa na mpango wa RANET uliotumia setilaiti hiyo hiyo kufikisha habari za mvua na ukame vijijini.

Wimbi la AfriStar lilikuwa na urefu wa sentimita 20 hivi, yaani refu kuliko la dishi lakini fupi kuliko la FM. Kwa hiyo redio iliyowekwa dirishani ilisikika, na ukiipeleka katikati ya nyumba ya mabati ilinyamaza. Na si dirisha lolote. Kwa sisi wa Mombasa AfriStar ilikuwa upande wa magharibi, imeinuka juu sana, mahali ambapo jua la mwezi Machi au Septemba hufika kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana. Mwenye dirisha la kutazama baharini tu, mashariki, hakupata kitu hata angeinunua redio kwa bei gani. Dawa ilikuwa kuichomoa ile eriali, kuipandisha nje mahali peupe, na kuiunganisha na redio kwa waya. Wakati ule watu wengi walidhani redio imeharibika, kumbe ilitaka kutolewa nje tu.

Mwaka 2008 kampuni iliingia katika ufilisi, na baadaye matangazo yale yakafa. Kwa hiyo mtu akikuuzia leo redio ya WorldSpace, hata ikiwa mpya ndani ya boksi lake, haina cha kukamata. Na ripita haiwezi kurudisha kitu ambacho hakirushwi. Kama shule jirani inazo zimekaa stoo, zibaki huko huko.

Redio ya setilaiti tuliyo nayo sasa ni ile inayokuja pamoja na televisheni. Dekoda nyingi za dishi hubeba idhaa za redio pembeni mwa picha. Tafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa TV/R au RADIO, au pitia orodha ya stesheni mpaka mwisho. Kuna vikundi ambavyo vimekaa na dekoda miaka na miaka bila kujua kwamba redio imo humo ndani.

HIYO RIPITA NI KITU GANI HASA?

Neno hili linatumika ovyo, na hapo ndipo watu wanapoibiwa. Ripita kwa maana yake ni chombo kinachopokea wimbi hafifu na kulirusha tena likiwa na nguvu. Wazo lenyewe ni zuri. Kule Bankilaré, nchini Niger, radio ya kijiji chini ya mpango wa RANET ilikuwa ikichukua habari kutoka setilaiti na kuzitangaza kwa FM, watu wakasikiliza kwa redio zao ndogo za kawaida. Setilaiti moja, kipokezi kimoja, kijiji kizima kikasikia. Lakini ile ilikuwa stesheni, wala si kidude cha dukani.

Marekani nako kuna redio za setilaiti. XM ilianza mwaka 2001, Sirius ikafuata mwaka 2002, na mwaka 2008 zikaungana. Kwa kuwa maghorofa ya miji yao yanaziba mbingu, makampuni hayo yaliweka ripita kubwa mijini kwa kibali cha serikali. Pia zikatoka ripita ndogo za nyumbani: unaweka eriali dirishani, kidude kinarusha mawimbi yale yale mpaka chumba kingine. Ndizo hizo unazoweza kuzikuta katika shehena ya vitu vya mitumba, zikiwa na maandishi ya kuvutia kwenye boksi. Kwetu hazina kazi hata kidogo. Zimetengenezwa kwa masafa ya setilaiti za Amerika ya Kaskazini, karibu MHz 2,300, na setilaiti hizo hazituhudumii sisi. Ni sawa na kununua ufunguo mzuri wa nyumba iliyo Chicago.

Kitu cha tatu kinachoitwa ripita ni transmita ndogo ya FM. Hii haipokei chochote kutoka angani. Unaichomeka kwenye tundu la sauti la dekoda au simu, nayo inaitangaza sauti ile kwenye masafa ya FM ili redio ya kawaida iipate. Madereva wengi wanazo kwenye gari. Hii inafanya kazi kweli, na tutaizungumzia tena hapo mbele.

Cha nne ni busta za kuongeza nguvu ya simu. Hizo hazihusiani kabisa na redio ya setilaiti, ingawa wauzaji huzichanganya. Zaweza kuvuruga mnara wa simu wa mtaa mzima, na si kitu cha mtu kujifungia nyumbani bila kibali.

Basi muuzaji akija, muulizeni: kinapokea masafa gani, kutoka setilaiti gani? Kinarusha kwa masafa gani? Akijibu tu kwamba "kinakamata zote", mshukuruni kwa kuwatembelea na mumpe chai.

NDEGE, MELI NA SISI

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka.

Masafa ya FM yanaishia MHz 108. Hapo hapo yanapoishia, kuanzia 108 mpaka 137, ndipo penye masafa ya ndege. Sehemu ya chini ni ya vyombo vinavyomwonyesha rubani njia ya kutua wakati wa mawingu na mvua. Sehemu ya juu ni ya mazungumzo ya rubani na mnara. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko Changamwe. Mtu wa Chaani, Magongo, Port Reitz au Migadini anaziona ndege zikishuka juu ya paa lake. Likoni nayo imetazamana na Kilindini, na meli huzungumza kwa redio kwenye MHz 156 mpaka 162, ikiwemo chaneli 16 ya kuombea msaada baharini.

Transmita iliyotengenezwa vizuri inakaa kwenye masafa yake. Ile ya bei ya chini, au iliyounganishwa na fundi wa mtaani kwa kubahatisha, haitulii. Ikipata joto inahama. Ikiongezwa nguvu kwa betri kubwa inatoa uchafu kwenye masafa mengine kabisa, na mwenye nayo hajui, kwa sababu kwenye redio yake anasikia wimbo mtamu tu. Rubani ndiye anayesikia mluzi wakati anaulizia upepo. Hili si jambo la kutishia watoto. Nchi mbalimbali zimewahi kuvisaka vituo vya FM visivyo na leseni kwa sababu ya malalamiko ya marubani.

Hata makampuni makubwa yamenaswa katika jambo hili. Mwaka 2006 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iligundua kwamba baadhi ya redio za XM na Sirius zilizokuwa na transmita ndogo za FM ndani yake zilikuwa zikirusha kwa nguvu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Ikabidi baadhi zisitolewe dukani mpaka zirekebishwe. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi kinaweza kuzidisha, sembuse kidude kisicho na jina la mtengenezaji?

Na sheria ipo. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, kurusha mawimbi ya redio bila kibali ni kosa, na vyombo vya mawasiliano vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa. Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo zamani tukiijua kama CCK. Kikundi kilichosajiliwa kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina wenye majina kwenye cheti. Mambo yakiharibika, hao ndio watakaoitwa, wala si yule kijana aliyeuza kidude.

ANZENI NA WAYA

Sasa tuje kwenye kazi. Tuseme dekoda iko sebuleni na mkutano uko kwenye banda, hatua ishirini kutoka hapo.

Nyuma ya dekoda kuna matundu mawili ya sauti, moja jekundu na moja jeupe. Hapo chomeka waya wa sauti wenye wavu ndani, ule wa kuzuia ngurumo, mpaka kwenye spika yenye amplifaya yake iliyo bandani. Mita 10 mpaka 15 hazina shida yoyote. Spika ya aina hiyo vikundi vingi tayari vinayo kwa ajili ya harusi na mazishi. Ukisikia mngurumo wa "mmmm" usiokoma, mara nyingi waya umelazwa sambamba na waya wa stima. Utenganishe nao, na pale lazima vikutane vipishane kama msalaba. Waya usipitishwe mlangoni ambapo watoto wataukanyaga. Toboa tundu dogo kwenye fremu ya dirisha, upitishe juu.

Njia ya pili ni kuihamisha dekoda yenyewe, kwa kurefusha waya mnene unaotoka kwenye dishi. Waya mzuri wa aina ya RG6 unaweza kwenda mita 30 bila kudhoofika sana. Lakini zimeni stima ya dekoda kwanza, kwani waya ule hupeleka stima ndogo, volti 13 au 18, kwenda kulisha kile kichwa cha dishi, LNB. Hapa kuna kosa tunaloliona kila mahali. Fundi anapomenya waya, unywele mmoja tu wa ule wavu wa nje ukigusa waya wa shaba wa katikati, LNB haipati stima na dekoda inaandika hakuna mawimbi. Watu hununua dekoda nyingine, kumbe ni unywele! Kila ncha ikaguliwe machoni, kwa miwani ikibidi.

Tusiusahau upepo wetu wa chumvi. Kiungo kilichoachwa wazi huku pwani hakichukui miaka mingi kabla ya shaba kuota kutu ya kijani, na kutu hiyo huyala mawimbi kimya kimya. Kabla ya masika fungueni kila kiungo cha nje, kisugueni mpaka king'ae, kikazeni, kisha mkizungushie ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa sawasawa na juu yake utepe wa mafundi wa umeme. Mahali waya unapoingia ndani, uachwe uning'inie kidogo kwa chini kabla ya kupanda kwenye tundu. Maji yatadondokea pale, hayatafuata waya mpaka ndani ya dekoda.

Wapo watakaosema waya ni wa kizamani. Sawa, kuna spika za Bluetooth. Zinafaa ndani ya chumba kimoja au viwili, kama mita 10 palipo wazi. Ukuta wa matumbawe ukiingia katikati, hesabu nusu ya hapo. Dekoda isiyo na Bluetooth inahitaji kidude kidogo cha kuchomeka kwenye matundu ya sauti. Si kitu kibaya, ila betri ya spika ikiisha katikati ya kipindi cha hali ya hewa mnabaki kutazamana, na wavuvi walikuja kwa ajili ya kipindi hicho.

KAMA WAYA HAUWEZEKANI

Yako mazingira ambapo waya kweli haupiti: nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki itobolewe, au mlango wa jirani katikati. Hapo ndipo ile transmita ndogo ya FM inaweza kufikiriwa, kwa masharti.

Iwe ile ndogo ya gari au ya USB, yenye jina la mtengenezaji na alama ya kuidhinishwa, na kabla ya kuilipia mmoja wenu aulize Mamlaka ya Mawasiliano kama aina hiyo inaruhusiwa. Wana ofisi ya kanda hapa Mombasa, na kuuliza hakulipishwi. Isiongezwe waya wa eriali. Isiunganishwe na betri ya volti iliyozidi ile iliyoandikwa. Isipandishwe juu ya paa, hata kwa majaribio. Chagueni masafa matupu katikati ya FM, ambapo redio inatoa mvumo tu, na muwe mbali na namba 107 na 108. Sauti ya dekoda iwe ya kadiri, maana ikizidi hukwaruza na mawimbi hutapakaa.

Kisha fanyeni jaribio hili. Mtu mmoja achukue redio ndogo, atoke nayo polepole mpaka nje ya ua. Barazani inatakiwa isikike, na akifika barabarani iwe imekwisha. Jirani wa nyumba ya tatu akikwambia anawapata vizuri, msifurahi. Izimeni, maana hiyo si ya nyumbani tena.

Vikundi vilivyo karibu kabisa na uwanja wa ndege, kwa maoni yetu, viachane na transmita moja kwa moja. Waya upo.

DISHI LENYEWE LINAONA?

Mara nyingine tatizo haliko ndani ya nyumba. Redio inakatika hata pale pale kwenye dekoda, hasa jioni kukiwa na upepo. Tazameni miti kabla ya kumwita fundi. Mnazi uliokuwa mfupi dishi lilipofungwa sasa umelifikia, na kuti linapopepea linafunika na kufunua.

Kuna njia ya kupima bila chombo chochote. Setilaiti zimejipanga kwenye mstari ambao jua hulipita karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba. Azam TV hutumia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki. Kutoka Mombasa, jua huwa nyuma yake siku hizo kati ya saa nane na dakika 45 na saa tisa mchana. Simameni hapo mnapotaka kuweka dishi kwenye saa hiyo. Kama kivuli cha mwembe kimewaangukia, dishi halitafanya kazi hapo. Setilaiti za nyuzi 36 mashariki, zinazotumiwa na DStv, kwetu ziko karibu na utosi, na jua hulipita eneo hilo kama saa sita na nusu hivi. Kwa hizo mti wa mbali hauna neno, ila tawi lililo juu ya dishi ni lazima likatwe. Siku hizo hizo za Machi na Septemba msishangae mkipoteza matangazo kwa dakika chache mchana. Ni jua linapiga kelele nyuma ya setilaiti, na hakuna la kutengeneza.

Mvua kubwa ya masika nayo hukata matangazo ya dishi kwa muda. Ripita haiwezi kusaidia hapo, kwa kuwa wimbi limepotelea mawinguni kabla ya kuifikia.

WALE WASIO NA DISHI

Tumalizie na kundi ambalo labda ndilo kubwa zaidi. Wengi wanaotuuliza habari ya ripita, ukiwadadisi, wanataka kusikia Pwani FM au Baraka FM ndani ya nyumba ya mabati bila mkwaruzo. Hizo hazitoki kwenye setilaiti. Eriali ya waya mnayoweza kuitengeneza wenyewe inatosha.

Chukueni waya wa stima wa nyuzi mbili, kama mita 6. Tenganisheni nyuzi zake mwanzoni kwa sentimita 70, mfunge fundo hapo ili zisiendelee kuachana. Mikono hiyo miwili ivutwe huku na huku kwenye ufito mkavu wa mwanzi wa mita moja na nusu hivi, iwe kama herufi T. Ufito upandishwe nje juu ya mabati, umelala, na ubavu wake uelekee upande wenye mnara wa stesheni. Kama matangazo ni hafifu bado, usimamisheni wima mjaribu tena, kwa sababu stesheni nyingine hurusha wima. Waya uliobaki uingie ndani. Redio yenye tundu la eriali ya nje iunganishwe hapo. Kama ina ile eriali ya kuvuta tu, uzi mmoja ubanwe kwenye eriali kwa kibanio cha nguo, na uzi wa pili uguswe kwenye chuma cha tundu la spika za masikioni mjaribu kama unaongeza nguvu. Kazi hii ni ya redio inayotumia betri, au iliyochomolewa ukutani wakati mnaunganisha.

Mvua ya radi ikianza, uchomoeni waya na kuutoa nje ya dirisha. Na ufito usifungwe kwenye nguzo ya stima wala kupita juu au chini ya nyaya zake, hata kama hapo ndipo redio inapolia vizuri zaidi.